Wa Karibu Hawaji

Katika ofisi ya utafiti walimwita Asilimia, na wala hakukasirika. Angekasirikaje, na yeye ndiye aliyekuwa akiingia asubuhi, watu wakimwambia wameamka salama, anataka kujua wangapi? Mwanamke huyu alipenda namba mpaka basi. Ukimwambia mvua imenyesha, atataka kiasi. Ukimwambia unampenda, Mungu akuhurumie, utaambiwa utaje upendo wako kuanzia moja hadi tano.

Kwenye meza ya dirishani alikaa mwenzake, ambaye naye walimbandika jina la Hadithi. Huyo alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Namba alizikimbia kama mtoto anavyokimbia sindano. Kazi yake ilikuwa kwenda majumbani kwa watu na kinasa sauti chake, kukaa, kusikiliza, kisha kurudi na mahojiano marefu ambayo aliyasoma huku akitikisa kichwa kwa raha. Wawili hawa walitaniana kutwa. Asilimia alisema Hadithi anaongea na watu watano halafu anaisemea dunia nzima. Hadithi alijibu kwamba Asilimia anahesabu vichwa bila kuangalia kama vina midomo. Walikunywa chai ya birika moja, wakacheka, kisha kila mmoja akarudi mezani kwake akiwa na hakika kwamba mwenzake kapotea njia.

Sasa mwezi ule baraza la mji likawaletea kazi. Kwenye kituo cha afya kulikuwa na chumba cha mazoezi ya viungo, wanakopelekwa watu waliopigwa na kiharusi ili wafundishwe upya kutembea, kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati. Wagonjwa walianza vizuri, kila mmoja na kadi yake ya njano ya mahudhurio. Baada ya majuma machache, nusu yao waliingia mitini. Baraza lilitaka kujua sababu kabla mwezi haujaisha. Isipojulikana, chumba kinafungwa, kinageuzwa stoo. Ndiyo serikali hiyo: mahali ambapo watu hawaji, panawekwa viti vibovu.

Na hapo ndipo roho ya Asilimia ilipodunda, maana mmoja wa hao walioingia mitini alikuwa baba yake mzazi.

Mtaani mzee huyo hakuwa na jina jingine zaidi ya Refa. Alipuliza filimbi kwenye uwanja wa mtaa tangu nywele nyeusi mpaka zikawa nyeupe, na katika miaka yote hiyo hakuna tusi ambalo hakutukanwa. Aliitwa kipofu, mwizi, mla rushwa, na aliyezidi wote kwa mdomo alikuwa kinyozi wa njia panda, ambaye enzi za ujana wake alifunga goli siku ya fainali na Refa akalikataa. Kinyozi hakusamehe. Kila Refa alipopita, mkasi ulisimama hewani, mteja akasubiri na nusu kichwa, na lile goli likachezwa upya. Refa alicheka tu na kwenda zake. Ndiyo, kisha kiharusi kikaja, kikaulaza mkono wa kulia, kikauburuza mguu wa kulia, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kwa jasho. Daktari alisema wazi kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida. Mkono ukiachwa ulale sasa, basi umelala moja kwa moja. Refa akaenda mazoezi kidogo, akaacha. Na nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya kituo, ukipiga chafya unasikika.

Asilimia alimwambia mkuu wao mapema, ili isije ikasemwa amefichaficha. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa makamo, Profesa, mwenye miwani iliyokaa kichwani kuliko machoni. Akamwambia sawa, kazi afanye, lakini baba yake asimhoji yeye.

Basi wakafanya walivyozoea. Asilimia akatunga dodoso safi, maswali yamepangwa kama askari, likasambazwa kwa wagonjwa wote wa kadi, waliobaki na walioacha. Siku karani alipolifikisha nyumbani kwao, Refa alianza kutafuta jibu la swali la kwanza, karani akawa anatazama saa, na Asilimia, kwa huruma tu, akachukua kalamu akamwekea alama mzee wake: ameridhika. Kumsaidia si kumhoji, alijiambia. Hadithi naye akazunguka na kinasa sauti chake. Mwisho wakaleta ripoti mbili. Ya Asilimia ilisema wagonjwa tisa kati ya kumi wameridhika na huduma. Ya Hadithi ilisema, kwa machozi na mikato mizuri ya sentensi, kwamba watu wanashindwa na nauli.

Profesa alizisoma zote mbili, akashusha miwani, akacheka mpaka akaifuta.

"Huyu ananiambia wameridhika. Huyu ananiambia hawana nauli. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwa nini hawaji," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Sogezeni meza zenu ziwe moja, na msirudi kwangu na ripoti mbili."

Kisha akawaeleza, na aliwaeleza kwa subira, kwamba kuna kitu kinaitwa mbinu mseto, na si kubandika takwimu upande huu na maelezo upande ule kama magodoro dukani. Namba ziulize swali, watu wajibu. Watu wakishajibu, jibu lao lirudi kwenye namba likapimwe. Likikataa, mnarudi tena kwa watu. Kazi ni huko kwenda na kurudi.

Wakatoka mle wamenuna wote wawili. Meza zilisogezwa kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Asilimia, ambaye hasira zake zilimalizikia kwenye hesabu, akamwambia Hadithi kwamba ataanza na nauli yake hiyo, na ataizika leo leo.

Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kama ni nauli, basi wanaokaa mbali ndio wangeacha kwanza, na wanaokuja kwa miguu wangebaki. Kituo kilikuwa na mahudhurio ya kila mgonjwa na mtaa anakokaa. Akawapanga kwa umbali, wa karibu, wa kati na wa mbali, akahesabu nani kaendelea na nani kaacha. Hadithi akawa anamenya karanga kwa madaha, akijua atashinda.

Asilimia akatazama jibu. Akafuta, akahesabu upya. Akainuka, akazunguka kiti, akakaa, akahesabu mara ya tatu.

Wa mbali walikuwa wanakuja. Wanapanda magari mawili, wanashuka na magongo, na wanakuja. Walioacha, karibu wote, walikuwa wa mitaa inayokizunguka kituo.

Kwanza alifurahi kwamba nauli imekufa. Halafu furaha ikamkauka mdomoni, kwa sababu dodoso lake mwenyewe lilisema hao hao wa karibu, walioacha, wameridhika kupita wote. Mtu ameridhika, yuko jirani, na haji. Hapo sasa. Akamgeuzia Hadithi karatasi, na yule bwana ambaye hajawahi kusoma jedwali mpaka mwisho akalisoma, akaacha karanga. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wote wawili walikuwa hawajui, na nakwambia hakuna kitu kitamu kama hicho kwa mtafiti. Walikuwa wanachekacheka kama watu waliookota kitu njiani. Hadithi alivaa koti akasema twende kwa wa karibu, na wa karibu kuliko wote alikuwa Refa.

Nyumbani kwa Refa alikuwapo shangazi, dada mkubwa wa Refa, aliyehamia pale kumuuguza. Shangazi huyu mikono yake ilikuwa ya dhahabu, mdomo wake wa chuma. Asilimia alitimiza amri ya Profesa, akaenda jikoni kuosha vyombo, mlango akauacha wazi. Hadithi akakaa mbele ya mzee, akawasha kinasa sauti, akamwamkia kwa heshima, kisha akamuuliza mazoezi aliyaonaje.

Refa akafungua mdomo. Shangazi akasema mazoezi ni mazuri sana, mwanangu, yule kijana wa mazoezi ana adabu. Hadithi akauliza ni nini kilichomfanya aache. Refa akanyanyua kidole cha mkono mzima. Shangazi akasema ni uchovu, na mambo ya gari, unajua tena, mwanangu, maisha yamepanda. Kwa nyumba iliyo nyuma ya kituo! Hadithi akatikisa kichwa kwa huruma na kuendelea, na Refa akakishusha kidole chake pale pale magotini.

Jikoni sahani ikateleza. Asilimia alisimama na povu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameona kidole kile kikishuka. Akakumbuka kalamu ilivyokuwa mkononi mwake siku ya dodoso, na jinsi mzee alivyokuwa bado anatafuta neno wakati yeye ameshaweka alama. Akatoka vilevile na povu lake, akamwita Hadithi uani.

"Kaka, kwenye mahojiano yako yote," akamuuliza, "nani alikuwa anaongea?"

Hadithi akataka kusema wagonjwa. Akaanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Walikuwa wake zao, mabinti, kaka, mashangazi. Kila mahali alipokwenda alikuta mtu wa kumsaidia mgonjwa kusema, naye akashukuru kwa sababu kinasa sauti kilijaa haraka. Na madodoso je? Yalijazwa na hao hao. Wameridhika, ndiyo, kwa nini wasiridhike? Mgonjwa akiwa mazoezini, wao wanapata saa moja ya kuvuta pumzi. Na nauli nani anailipa? Si wao?

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Asilimia akasema, "na sisi tumewauliza wanaokitandika."

Hadithi akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akashika kichwa, akaanza kucheka. Kosa lilikuwa kubwa, lakini walikuwa wamelikamata wao wenyewe, na muda ulikuwepo bado. Wangekuwa watoto wangerukaruka pale uani.

Kilichobaki ni kumtoa Shangazi. Haikuwa rahisi. Alilalamika kwamba anafukuzwa kwenye nyumba ya mdogo wake, kwamba yeye ndiye anayemuogesha na kumvisha, sasa leo wamekuja wasomi wanamwona kisirani. Asilimia akambembeleza, akamkumbusha hajaenda kumwona shoga yake tangu lini, akamvika kanga yake nzuri mwenyewe. Shangazi akatoka huku anarudi, anarudi huku anatoka, na mwishowe akaenda.

Hadithi akarudi kwenye kiti chake. Akauliza swali lile lile, moja tu, kisha akanyamaza. Weee, kunyamaza kazi! Yule mtu maneno ni chakula chake, na sasa ilimbidi ashinde njaa. Dakika zilipita. Refa alianza, akakwama, akafuta jasho, akaanza tena. Asilimia jikoni alikuwa anaung'ata upande wa aproni, kwa sababu kila neno lililokwama yeye alijiona analijua, na kila mara lilipotoka halikuwa lile.

"Mlango," Refa akasema. Akapumzika. "Mlango ule. Wa kituo. Unatazama… benchi. La kinyozi."

Hadithi akangoja.

"Napita. Wananyamaza. Wote. Kinyozi anasema… pole, mzee." Akapumzika tena. "Matusi nilizoea. Huruma sikuizoea."

Asilimia aliinamia karai la vyombo akalia, na alilia vizuri, bila kujizuia, maana alikuwa amemwekea mtu huyo alama ya kuridhika. Kisha akajifuta, na furaha ikampanda juu ya kilio, kwa sababu jedwali zima lilikuwa limepata maana. Wa mbali wanashuka kwenye gari mahali ambapo hakuna anayewajua. Wa karibu wanaburuza mguu mbele ya watu waliowaona wakikimbia.

Hadithi, kama kawaida yake, alitaka kwenda kuandika usiku huo huo. Asilimia akamshika koti. Mzee mmoja ni mzee mmoja, akamwambia, hata akiwa baba yangu. Na Hadithi, badala ya kubisha, akauliza sasa tunapimaje. Hapo ndipo ungejua wale watu wawili wameiva.

Wakakaa kwenye ile meza yao iliyounganishwa wakatengeneza dodoso jingine, la mgonjwa mwenyewe, lisilohitaji mdomo wa mtu. Walichora picha: gari, maumivu, uchovu, mtaalamu, mlango wa barabarani na watu wanaotazama. Mgonjwa anaonyesha kwa kidole kilicho kizima, na anayeuguza anaombwa atoke nje, kwa heshima zote. Hadithi alichora watu wa kwenye mlango, na alichora vibaya sana, benchi lilifanana na ng'ombe. Asilimia alipanga namna ya kuchagua nyumba ili wasije wakaenda tu kwa wanaowajua. Wakaugawana mji, huyu kwa nyumba hizi, huyu kwa zile, na jioni wakawa wanakutana wakinyang'anyana kuhadithia. Alikuwepo mshonaji ambaye wateja wake walikuwa wanamhama kila wanapomwona anaingia pale. Alikuwepo mwalimu wa darasa la kwanza aliyekutana na wanafunzi wake mlangoni. Vidole vya wa karibu viliangukia mlango, kimoja baada ya kingine. Vidole vya wa mbali viliruka mlango vikaonyesha gari, au wenyewe wakacheka wakasema hapa nani ananijua.

Profesa aliposoma ripoti hiyo moja, hakucheka. Aliiweka miwani machoni, akaiacha huko huko. Akauliza swali la mwisho, la kuudhi kama maswali yake yote: je, mlango ukiondoka, watarudi? Mnadhani, au mnajua?

Hawakujua. Akaliomba baraza majuma mawili zaidi, likatoa kwa shingo upande.

Aliyewasaidia alikuwa mtaalamu wa mazoezi mwenyewe, kijana mwenye mabega, ambaye wagonjwa walimwita Kunja-Nyoosha kwa sababu siku nzima hasemi kingine. Chumba chake kilikuwa na mlango wa nyuma uliozibwa na vitanda vilivyovunjika. Ulitokea kwenye kichochoro kilicho kimya, kando ya ukuta wa kituo. Wakavitoa vitanda, wote watatu, suti ya Hadithi ikaisha heshima. Bawaba zikapakwa mafuta. Kisha Hadithi akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wa karibu, mmoja mmoja, kwamba sasa kuna njia ya nyuma, na Asilimia akakaa kwenye kiti cha plastiki mle chumbani, kalamu mkononi, akihesabu.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Asilimia alitafuna kucha. Siku ya pili mlango ukasukumwa kwa gongo, akaingia mshonaji. Nyuma yake mwalimu. Siku ya nne Kunja-Nyoosha alikuwa anaazima viti. Na siku hiyo hiyo, amemwegemea Shangazi aliyekatazwa kusema neno na akaliona hilo ni adhabu ya kaburi, aliingia Refa, amevaa fulana yake nyeusi ya uwanjani, kadi ya njano mfukoni. Asilimia aliweka alama kwenye karatasi yake, moja tu, sawa na ya kila mtu, lakini ikatoka kubwa.

Baraza lilisoma ripoti. Liliona namba zimepanda na likaona kwa nini zimepanda, na katika ukumbi ule uliozoea kusinzia, kulikuwa na maswali mpaka mwenyekiti akaomba kikao kiishe. Chumba hakikufungwa. Viti vibovu vilitafutiwa kwingine.

Hapo mwingine angemaliza, lakini mimi sijamaliza.

Refa aliendelea kuingia kwa nyuma. Mguu ukaanza kunyanyuka, maneno yakaanza kufuatana. Mkono ndio ulikuwa mkaidi. Kunja-Nyoosha aliukunja, akaunyoosha, nao ukanyanyuka kidogo na kulala. Siku moja Asilimia na Hadithi walikwenda kumchukua, wakasimama kichochoroni wakimngoja. Mlango wa nyuma haukufunguka. Wakasikia mwingine, ule wa barabarani, unalia.

Asilimia akakimbia kuzunguka jengo. Alimkuta baba yake ameshatoka, peke yake na gongo lake mkono wa kushoto, anavuka mbele ya benchi. Watu wakanyamaza wote, kama alivyosema. Mkasi ukasimama. Kinyozi akamtazama mzee kutoka miguuni mpaka usoni, na Asilimia akaona nyuso zinaanza kulegea kwa ile huruma, akajiona anataka kumkimbilia amshike. Hadithi alikuwa amefika. Akamkamata mkono akamzuia.

Kinyozi akakohoa.

"Refa," akasema, "lile goli lilikuwa halali. Mwizi wewe!"

Refa akasimama. Akaliegemeza gongo kwenye nyonga. Halafu mkono wa kulia, ule mkaidi, ukaanza kupanda kuelekea mfuko wa kifuani, polepole, unatetemeka, na benchi zima likangoja, na hakuna aliyemsaidia. Vidole vikaingia mfukoni, vikapapasa, vikatoka na kadi ya njano ya kliniki. Akamwonyesha kinyozi, juu, mkono umenyooka.

Benchi likalipuka kwa kicheko, mteja wa nusu kichwa akaanguka kwenye kiti. Asilimia alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja na hakutaka kujua kiasi gani. Kinyozi akaanza kubisha, akitaja beki aliyekuwa amesimama wapi na mpira ulipita wapi, na Refa akaendelea kuishika ile kadi juu, na hakuushusha mkono mpaka yule bwana aliponyamaza.